Jua linaisha saa tisa: kutafuta boma ndani ya kaunti ya mjini

Saa tisa kasoro, Kinoo, Kiambu, nje kidogo ya Nairobi. Tumesimama kwa shamba la shosho mmoja, mimi na mzee wangu (mume wangu) na broka ambaye haachi simu, tunaangalia kivuli kikitambaa juu ya sukuma wiki laini kwa laini. Ni kivuli cha flati ya jirani, orofa sita, imesimama upande wa magharibi hatua chache tu kutoka kwa ua. Kilipofika kwa managu za mwisho shosho akasema, "Basi. Jua ingine ni ya kesho."

Zamani akisimama hapo alikuwa anaona Ngong Hills. Sai anaona nguo za watu kwa balkoni, na kuna wale wakimaliza kufua wanamwaga maji chini yanaangukia dania yake, na sio ati wana roho mbaya, ata hawajui kuna dania hapo.

Shamba lake halikuwa linauzwa. Broka alikuwa ametuleta kuona ploti ya ng'ambo ya ua, na shosho akatuita kutuuliza kama ni sisi tunakuja kujenga flati ingine.

Nikamwambia hapana shosho, sisi tunataka kulima.

Akacheka kidogo, alafu akauliza: "Mtalima mpaka lini?"

Hilo swali limenikalia kichwani wiki nyingi sasa, nikipika liko, nikikwama kwa jam ya Waiyaki Way liko, na nimeona wacha niliandike labda litatulia.

Tunachotaka

Hatutafuti shamba la biashara. Tunataka mahali nyumba iko, kuku wako, mboga za mwaka mzima, ndizi kadhaa, mti wa avokado, pengine mbuzi wawili wa maziwa, na mzee wangu aweze kufika kazini Westlands bila kuamka saa kumi usiku. Hio ya mwisho ndio inatufunga. Ushago, kijijini kwetu, iko, na kila mtu anatuambia si muende ushago, lakini mshahara hauko ushago.

Kwa hivyo tukabaki na kaunti nne: Nairobi yenyewe, Kiambu, Kajiado ya upande wa Kitengela na Kiserian, na Machakos ya upande wa Joska.

Nairobi ilitoka mapema. Watu wanafikiri shida ni kanjo, askari wa kaunti, kumbe tangu 2015 kaunti ina sheria yake ya kilimo cha mjini, kulima mjini sio uhalifu tena. Shida ni nafasi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 kwa kaunti ya kilomita mraba kama 696 hivi, na hapo toa mbuga, toa airport, toa msitu wa Karura. Pale kumebaki shamba la maana, Karen kwa mfano, ekari ni makumi ya milioni. Na pale watu wanalima bila kulipa, kando ya mto, watafiti washapata madini ya risasi kwa mboga. Sukuma inakuwa kubwa, kijani kibichi, inavutia sana. Mimi siwezi kumpea mtoto.

Machakos tuliipenda kwa bei. Lakini ile Oktoba ya 2023 Mavoko, watu wakibomolewa nyumba walizojenga na pesa ya maisha yao yote, juu ya ardhi ambayo korti ilikuwa imesema ni ya kiwanda cha saruji, iliniingia vibaya. Najua Joska sio Mavoko. Najua pia wale watu walikuwa na makaratasi. Mzee wangu anasema huo ni woga, mimi nasema ndio, ni woga, na ni wangu.

Kajiado na fensi yetu

Kajiado ndio ilitugawanya. Bei ya robo ekari Kinoo inakupea ekari mzima ukienda ndani kidogo, na mtu akisimama pale na upepo unapiga anaona maisha yake yote yamepangwa. Mzee wangu alisimama. Nikaona macho yake.

Alafu nikaanza kuuliza maswali yangu ya kuharibu sherehe.

Udongo kwanza. Sehemu kubwa ya zile nyanda ni ule mweusi, black cotton, kiangazi unapasuka mpaka mtoto anaingiza mkono, mvua ikinyesha unafura na gari halitoki. Kujenga juu yake lazima uchimbe mpaka ufike kwa mwamba, yaani pesa uliyookoa kwa ploti unaizika kwa msingi. Unaota mimea, sikatai, lakini sio kama ule mwekundu wa Kiambu ambao ukidondosha mbegu ya boga unapata kazi.

Alafu maji ya kisima. Maji ya chini ya ardhi upande huo, na sehemu za Nairobi na Kiambu pia, yana fluoride nyingi. Kiwango cha shirika la afya duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi viko juu ya hapo. Ukitaka kujua, usiulize muuzaji, angalia meno ya watoto wa hapo.

Lakini kitu kilichonisumbua zaidi sio udongo wala maji. Ile mbuga ya Nairobi ilifunguliwa 1946 na upande wake wa kusini umeachwa wazi ili nyumbu na pundamilia watoke waingie kule nyandani. Kila mtu anayenunua robo yake na kuzungushia waya anakata hio njia kidogo. Wamasai walikuwa wanalisha hapo na wanyama wanapita hapo, sasa ni sisi na ploti zetu na mageti yetu ya chuma. Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mifugo, na watu walilaumu simba, wengine wakalaumu wenyeji, sikusikia mtu analaumu broka. Ule ukame ulioanza mwisho wa 2020 ukaenda mpaka mwanzo wa 2023, ng'ombe wakafa Kajiado mizoga ikajaa kando ya barabara, mfugaji anataka kuhama na ng'ombe wake lakini mbele yake ni fensi, nyuma fensi. Na mimi nataka kuongeza ingine, nipande mchicha, alafu nijiite mtu wa mazingira.

Mzee wangu anasema hata tusiponunua sisi atanunua mwingine. Ni kweli. Sijapata jibu la hio.

Hesabu ya paa

Maji ndio tulikaa nayo sana, mpaka daftari likajaa.

Ukanda wetu wa Nairobi na Kiambu ya chini hupata mvua kama milimita 900 mpaka 1,000 kwa mwaka. Milimita moja ya mvua kwa mita mraba moja ya paa ni lita moja. Kwa hivyo nyumba ya paa la mita mraba 100, mvua moja nzuri ya jioni ya milimita 20, ni lita 2,000, toa ile inaruka na ile ya kwanza ya kuosha vumbi, ubaki na kama 1,700. Mvua sita za aina hio tangi la lita 10,000 limejaa. Tukafurahi sana hapo.

Alafu tukageuza ukurasa. Bustani ya mita mraba 100, kiangazi, inakunywa kama lita 400 kwa siku. Tangi lako la elfu kumi hapo ni siku ishirini na tano, na bado hujaoga, hujapika, kuku hawajanywa. Januari na Februari zina siku karibu sitini.

Kwa hivyo ni matangi matatu, au bustani ndogo, au maji ya mfereji. Na mfereji tunaujua. Maji mengi ya Nairobi yanatoka Ndakaini, Murang'a, na mgao tumeishi nao miaka, ile ya kusikiliza bomba likikohoa usiku unakimbia na mitungi. Tukaamua mboga zitaenda na mvua, kiangazi tubakishe kunde na terere ambazo hazina maringo, na maji ya kufulia yaende kwa migomba. Sabuni ya kipande, sio ile ya unga kali.

Ng'ombe aliyetukosanisha

Mzee wangu alilelewa na maziwa ya nyumbani na alitaka ng'ombe. Mmoja tu. Nikamwambia sawa, tupige hesabu.

Ng'ombe mmoja wa Freshian anakula karibu kilo 70 za nyasi mbichi ya nepia kwa siku. Wakulima wa Githunguri, ambao hio kazi wanaijua, ushirika wao ni wa 1961, watakuambia ng'ombe mmoja apewe kama ekari moja ya nepia ndio usinunue nyasi kila wiki. Sisi tunaongea juu ya robo. Nyumba, choo na septiki, mahali pa gari, vizimba vya kuku, ukitoa hivyo vyote nepia itaota juu ya paa.

Siku mbili hatukuongea vizuri.

Kuku walipita. Kuku wa mayai anakula kama gramu 125 kwa siku, ishirini wanakula kilo mbili na nusu, gunia la kilo 70 linaisha kwa wiki nne. Wakitaga vizuri, tuseme mayai kumi na tano kwa siku, hizo wiki nne ni trei kumi na nne. Gunia kwa agroveti ya karibu na sisi limepita elfu tatu, kwa hivyo chakula peke yake ni zaidi ya shilingi 210 kwa trei, na hapo hakuna chanjo ya kideri, hakuna maranda, hakuna yule kuku anaamua tu kufa Jumapili. Wangige kwa soko la mayai kuna siku utanunua trei kwa bei ambayo haiachani sana na hio. Kwa hivyo yai letu halitakuwa rahisi. Litakuwa letu tu, na tunajua limekula nini.

Broka anasifu nini

Sasa narudi kwa lile swali la mpaka lini.

Broka yeyote wa Kiambu ana wimbo mmoja. Lami imefika. Stima iko. Laini ya maji taka iko njiani. Bypass ni dakika tano. Hapa mama ukikaa miaka mitatu bei imepanda mara mbili.

Nilisikia huo wimbo Ruiru, nikausikia Kikuyu, nikausikia Juja (kule wanaongeza ati mambo ya fisi yameisha, na wenyeji washawahi kuandamana mpaka Thika Road juu ya hao hao fisi). Na kila mara nilikuwa naitikia kwa kichwa, nzuri, nzuri. Ilikuwa ni jioni moja naosha vyombo ndio ikaniingia kwamba kila kitu anachosifu ni taarifa ya ile flati itakayokuja.

Fikiria. Mtu hawezi kujenga orofa sita za wapangaji akategemea shimo la septiki, lori la kunyonya litamfilisi. Anangoja laini ya maji taka. Ikipita tu, kila mwenye robo kwa hio barabara anakuwa na hesabu mpya, na hesabu ya mchicha haiwezi kushindana na hesabu ya bedsita thelathini. Bei ya shamba Kiambu haitokani na kile kinachoota. Inatokana na kile kinachoweza kujengwa, na sisi tunaotaka kulima tunalipa hio bei ya flati alafu tunapanda spinachi.

Na tunaendelea kuilipa. Ushuru wa stempu ukinunua ndani ya mji ni asilimia 4, nje ya mji ni 2. Kodi ya ardhi ya kaunti inafuata thamani. Thamani ikipanda unapongezwa na majirani, na hujauza kitu.

Ile kahawa tuliyokuwa tunaona Ruiru tukienda Thika tukiwa wadogo, leo mashamba mengine ni Tatu City, ekari kama 5,000 za mji mpya. Thika Road ilipokamilika 2012 kila mtu alisema maendeleo, na ni maendeleo, mimi pia naitumia. Lakini yule aliyekuwa na ng'ombe wake wawili nyuma ya Githurai, sijui sai anasema nini.

Mtu ataniambia sheria iko. Iko. Kubadilisha shamba la kilimo kuwa la flati lazima uombe, notisi ibandikwe na itoke gazetini, na jirani ana haki ya kupinga. Nimeuliza watu wangapi wamewahi kuona hio notisi kabla ya kuona lori la mawe. Wananiangalia tu.

Lakini mji pia unalisha

Nisiwe kama mtu analia tu. Kuna kitu karibu na mji ambacho ushago hakuna, na ni uchafu.

Namaanisha vizuri. Maranda kwa mafundi wa mbao, wengine wanakupea bure ukileta gunia. Machicha ya kiwanda cha bia, ambayo wafugaji wa Kiambu wamelishia ng'ombe miaka yote. Majani ya kabeji na maganda kutoka sokoni, gunia kwa gunia, mtu analipa yabebwe. Samadi ya yule jirani mwenye kuku elfu moja ambaye hana shamba la kuitia. Robo ekari peke yake haiwezi kujilisha rutuba, lakini robo ekari iliyo na mji kando yake inaweza kuwa na mboji mpaka useme inatosha. Nimeona jamaa mmoja Gikambura, kipande chake ni hamsini kwa mia, na udongo wake ni mweusi na unapondeka kwa vidole, na hapo chini ya futi moja ni ule mwekundu wa kawaida. Miaka ya kubeba magunia kwa boda.

Na ukiwa na terere iliyozidi, mama mboga yuko hatua mia mbili. Na hospitali iko. Na shule. Hio sio kidogo, nina mtoto wa pumu.

Maswali mapya

Kwa hivyo tumeacha kuuliza hapa kunaota nini. Kiambu kunaota.

Tunauliza magharibi na mashariki kuna nani. Umri wake. Watoto wake wako wapi, wanataka shamba au wanataka pesa. Laini ya maji taka imechorwa mpaka wapi kwa mipango ya kaunti, na barabara ikiwa ni ya vumbi tunatabasamu. Bonde ni mwinuko kiasi gani, maana mteremko mkali hauvutii mwenye flati, na mtu mwenye jembe anaweza kukata matuta. Broka mmoja alifikiri nacheza naye nilipomuuliza kama kuna ploti mbali zaidi na lami.

Tumepata kipande upande wa Muguga, juu kidogo, baridi ya Julai ni ya kweli huko, nyanya zitalia. Udongo mwekundu. Magharibi yake ni shamba la familia ya ndugu watano ambao wako kortini juu ya urithi wa baba yao, na mwenye kutuonyesha alisema hayo kwa sauti ya chini, kama ni aibu ya kijiji. Mimi nilihisi vibaya kwa jinsi nilivyofurahi. Kesi za urithi Kenya tunazijua, zinakaa miaka, na zikikaa hakuna flati.

Hatununui. Tunakodi, robo ekari, mwaka mmoja, kuanzia Februari ili mvua ndefu itukute tumeshatifua. Nyumba hakuna, kuku tutaanza na wachache kwa banda la mwenye shamba. Tutalala huko wikendi tujue kama hii kitu ni yetu ama ni ya kuangalia kwa simu tu. Mwenyewe amekubali mboga, viazi, maharagwe. Miti amekataa katakata, hata avokado moja, maana ukimruhusu mtu apande mti kesho atasema ni kwake, na hapo simlaumu, mimi pia ningekataa.

Mzee wangu bado anapiga simu Kiserian. Nimemwambia apige, ila kabla ya bei aulize matokeo ya maji ya kisima.